Chuma kinakumbuka moto: titani, burini, na sisi watu wa shimo

Mwezi uliopita, hapa Nyalukemba, mu chumba kile tunakutania kila Jumamosi jioni, mwenzetu mmoja aliingia na mkongojo mkono mmoja, na bahasha kubwa mkono wa pili. Udongo ulimwangukia ndani ya shimo, mguu ukavunjika chini ya goti. Ndani ya bahasha mulikuwa picha ya radio, ile ya kuonyesha mifupa. Aliinua picha kwenye dirisha la upande wa ziwa, sisi wote tukaona: mfupa, na juu ya mfupa bamba jeupe lililofungwa na visi sita.

Mama yake alikuwa amemsindikiza. Akatuuliza: «Wanangu, munganga alituambia kama hii ni titani. Sasa muniambie ninyi wenye kuchimba madini: siku ya jua kali haitapata moto ikamuunguza ndani? Na akikaa karibu na jiko, haitakunjika?»

Wengine walicheka kidogo, kisha watu wote wakanyamaza. Hakuna aliyekuwa na jibu. Tuko watu wa madini toka utoto, tunajua kutofautisha kasiteriti na koltani kwa uzito wake tu mkononi, lakini swali la mama kuhusu kipande kimoja cha chuma lilitushinda. Siku ile tuliahidi kutafuta. Tumesoma, tumeuliza mwalimu wa kemia, tumeenda kumuona muzee mwenye kufua burini zetu. Haya ndiyo tuliyopata, na tunayaandika hapa juu ya familia zote, maana jibu la mama linatuhusu kuliko vile tulivyofikiri.

Jibu fupi kwanza

Hapana, mama. Mwili wa mutu uko na joto la digri 37. Maji yanachemka ku digri 100. Titani inayeyuka ku digri 1668. Kabla bamba lile likunjike juu ya joto, mguu wenyewe ungekuwa umeisha kuungua zamani sana. Jua la Bukavu, jiko la makala, maji ya moto ya kuoga, vyote ni bure mbele yake.

Tena titani haishiki kutu ndani ya mwili. Hewa ikiigusa tu, inajifunika ngozi nyembamba sana ya oksidi, na ile ngozi ndiyo inailinda. Halafu ni nyepesi: ukichukua kipande cha chuma cha kilo 10, kipande cha titani cha ukubwa ule ule hakifiki kilo 6. Ndiyo maana waganga na watu wa ndege wanaipenda. Lakini tuseme wazi: si kila bamba ndani ya mguu ni titani. Mengine ni inoksi, na inoksi nayo ni nzuri. Uliza munganga wako akuambie alichoweka.

Jibu refu linaanza na swali lingine: bamba lile lilipata nguvu yake wapi? Halikuipata ndani ya udongo. Lilipata nguvu ndani ya moto na chini ya nyundo. Na moto ule ulikuwa na kipimo.

Chuma iko na chembe

Tulienda kwa muzee wetu wa forje, kule Kadutu. Tulimpelekea burini mbili. Moja imefanya kazi miezi mingi, nyingine ilivunjika siku ya pili tu, na kipande chake kiliruka kikaingia ndani ya jicho la kijana mmoja wa miaka 19. Jicho halikupona. Hatutaji shimo, wala mwenye shimo, maana jambo hili limetokea pengi na kila mutu anajua pa kwake.

«Muzee,» tulimuuliza, «kwa nini hii ilivunjika?»

Aliishika karibu na mlango, akageuza ile sehemu iliyovunjika kwenye mwangaza. «Watoto wangu, muangalie vizuri. Inangʼaa sawa chumvi ya mawe. Ule aliyeitia ku moto aliisahau mule.» Kisha akachukua ile nzuri, akaivunja mbele yetu na masi. Ndani yake ilikuwa ya kijivu, laini sawa unga wa muhogo. «Hii, yeye, aliiangalia.»

Muzee hakusoma metaloji, lakini alisema sawasawa na vitabu. Kila metali ni mkusanyiko wa chembe. Ndani ya kila chembe, atomu zimepangwa kwa mistari, sawa matofali ndani ya ukuta mmoja. Chembe ya jirani ni ukuta mwingine unaoelekea upande mwingine. Mara nyingi chembe ni ndogo kuliko unene wa unywele, na mutu anazionea ku mikroskopi. Lakini ukiiacha metali ndani ya moto mkali wakati mrefu, chembe zinakulana: kubwa zinameza ndogo, mpaka unaziona na macho yako, zinangʼaa sawa chumvi. Na metali ya chembe kubwa namna ile inavunjika mbio.

Huo ndio mpango wa ndani wa metali. Mutu wa nje anaona burini mbili zinafanana, uzito mmoja, urefu mmoja. Ndani, moja ni rafiki na nyingine ni adui. Chuma kinakumbuka moto kiliopitia.

Digri 882

Sasa turudi ku titani. Ikiwa baridi, atomu zake zimepangwa sawa machungwa ambayo wamama wanapanga sokoni: safu juu ya safu, kila chungwa ndani ya shimo la yale ya chini. Mpango huu unaitwa alfa. Umekaza vizuri, lakini safu zinaweza kuteleza pande chache tu. Ndiyo maana titani ikiwa baridi ni ngumu kukunja, na ukiilazimisha sana inapasuka.

Ukiipasha moto mpaka digri 882, inabadilika bila kuyeyuka. Atomu zinajipanga upya: kila moja inakaa katikati ya sanduku, na zingine nane kwenye pembe zake. Mpango huu unaitwa beta. Hapa njia za kuteleza ni nyingi, na metali inakuwa laini, inatii.

Chuma cha kawaida nacho kina ruko kama hilo, ku digri 912 kikiwa safi. Mababu zetu wa Bushi waliofua majembe na mikuki hawakuwa na kipimo cha digri, lakini walijua rangi ya moto ambayo chuma kinaanza kutii. Kumbe mutu wa Kadutu na mutu wa kiwanda cha ndege wanangojea jambo moja.

Lakini titani safi haitoshi kwa kazi nzito. Wanaichanganya. Mchanganyiko unaotumiwa kuliko yote duniani uko na aliminiyumu 6 kwa mia na vanadiyumu 4 kwa mia. Aliminiyumu inasaidia alfa ibaki hata moto ukipanda. Vanadiyumu inafanya kinyume, inasaidia beta ibaki hata moto ukishuka. Kwa mchanganyiko huo, alfa yote inaisha karibu na digri 995. Chini ya hapo, alfa na beta zinakaa pamoja ndani ya kipande kimoja, sawa mchele na maharagi ndani ya sufuria moja. Na mafundi wanafanyia kazi mule mule, mara nyingi kati ya digri 900 na 980.

Bugali na nyundo

Kwa nini hapo? Wamama watatuelewa mbio. Bugali ukiufinyanga ukiwa na moto wake, unageuka vile unavyotaka, haukatiki. Ukiuacha upoe kisha ukaanza kuukunja, unapasuka kandokando. Na ukiuacha ku jiko sana, unaungua chini. Titani iko vile vile, ila dirisha lake ni jembamba.

Moto ukipita ile digri 995, yote inakuwa beta, na chembe zinaanza kukua mbio, hakuna tena alfa ya kuzizuia. Ikipoa, ndani ya kila chembe kubwa alfa inarudi kwa umbo la vibamba vyembamba, vimelala kimoja pembeni ya kingine sawa kurasa za kitabu.

Ukiifanyia kazi chini ya 995, nyundo inavunja vile vibamba. Vinakatika vipande vipande, na vipande vinajiviringa vinakuwa chembe ndogo za mviringo. Wakati ule ule chembe mpya zinazaliwa ndani ya zile zilizopondwa, sawa majani mapya juu ya shamba lililolimwa. Ndiyo maana, wakati wa kufinyanga, metali inaanza kwa kugoma, kisha nguvu yake inashuka na inakubali.

Chembe ndogo za mviringo zinafaa kwa kitu chenye kupigwa na kutikiswa kila siku bila kupasuka. Vibamba virefu vinafaa kwa kazi nyingine: kushikilia mzigo ndani ya joto muda mrefu. Tunaijua hali hii shimoni. Mti tunaoweka kushikilia dari hauvunjiki siku ya kwanza. Unapinda polepole, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka siku moja. Metali ndani ya joto nayo inapinda polepole namna ile chini ya mzigo, hata kama mzigo haujazidi. Na vibamba vinapunguza ile mwendo. Kwa hiyo fundi anaanza kwa kujiuliza: kitu hiki kitafanya kazi gani? Kisha ndipo anachagua moto.

Kuna pia mbio ya nyundo. Titani haipitishi joto vizuri. Ukiipiga mbio sana, joto linalotoka ndani ya pigo halipati njia ya kutoka, linafungwa ndani ya mstari mmoja mwembamba. Mstari ule unakuwa laini kuliko pengine, na metali inakatikia hapo hapo. Ukiisukuma polepole, karibu na digri 900 na chembe zikiwa ndogo sana, inafanya ajabu: inavutika mara nyingi urefu wake wa mwanzo bila kukatika, sawa mpira wa kutafuna. Viwanda vinatumia tabia hiyo kupuliza bamba la titani ndani ya kalibu kwa gesi.

Na jambo la mwisho, ngozi. Titani ikiwa ndani ya moto mkali inakunywa oksijeni ya hewa. Oksijeni inaingia ngozi, ngozi inakuwa ngumu na ya kuvunjika sawa ganda la yai. Kisha kazi, lazima ngozi ile iondolewe. Ukiiacha, mpasuko unaanzia hapo.

Ndege ya mwaka 1989

Mutu anaweza kusema: hayo yote ni mambo ya masomo. Tumpe mfano. Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya aina DC-10 ilikuwa inaruka juu ya Marekani. Ndani ya motere ya nyuma kulikuwa disiki kubwa ya titani yenye kuzungusha mapanga ya mbele. Disiki ile ilipasuka angani. Vipande vikakata mabomba ya mafuta yote yenye kuongoza ndege. Marubani walipambana na ndege kwa kutumia motere mbili zilizobaki, wakaifikisha Sioux City, lakini ilianguka ku uwanja. Kati ya watu 296, zaidi ya 100 walikufa. Wengine wengi waliokoka, na hiyo ilikuwa kazi ya wale marubani.

Waliochunguza walikuta chanzo: mahali padogo ndani ya disiki ambapo, siku ya kuyeyusha, azoti ya hewa iliingia. Pale titani ilikuwa ngumu na ya kuvunjika. Mpasuko mdogo ulianzia hapo, ukakua polepole kila ndege ilipopaa. Disiki ilikuwa imetengenezwa mwanzo wa miaka ya 1970. Kosa la siku moja ya moto lilikaa kimya miaka karibu 17.

Kijana wetu wa miaka 19 na wale watu wa Sioux City hawajuani. Lakini waliumizwa na kitu kimoja: moto ambao haukuangaliwa.

Koltani yetu iko wapi mu hesabu hii?

Hapa ndipo tuliposhangaa sisi wenyewe. Tumesema vanadiyumu inasaidia beta. Si hiyo peke yake. Molibdeni inafanya kazi hiyo. Na niobiyumu na tantali pia zinaifanya. Niobiyumu na tantali ni nini? Ni koltani! Jiwe lile jeusi na zito tunalolitoa Numbi na kwingineko Kalehe, na ndugu zetu wanalolitoa Rubaya, liko na hizo mbili zimeshikana.

Iko mchanganyiko mmoja wa titani uliotengenezwa Uswisi juu ya mifupa ya watu. Waliondoa vanadiyumu, waliogopa inaweza kudhuru mwili, wakaweka niobiyumu 7 kwa mia pamoja na aliminiyumu 6. Unatumiwa ku nyonga za bandia na ku mabamba ya mifupa. Kwa hiyo inawezekana mchimbaji akatembea na ndugu ya koltani ndani ya mguu wake.

Ndani ya ndege ni hivyo hivyo. Titani ya kawaida inavumilia mpaka karibu digri 600, kisha hapo inachoka na inakunywa oksijeni. Kwa hiyo mbele ya motere, kwenye baridi, wanaweka titani. Nyuma, kwenye moto, wanaweka nikeli, nzito mara mbili karibu. Lakini toka mwaka 2011 kuna motere za ndege kubwa ambazo mapanga yake ya mwisho yanatengenezwa na titani na aliminiyumu karibu nusu kwa nusu, pamoja na kromu kidogo na niobiyumu kidogo. Yanafanya kazi ku joto ambalo titani ya kawaida haiwezi, na uzito wake ni nusu ya nikeli. Ndege za Boeing 787 za Kenya Airways ziko na motere za aina hiyo. Na pale ambapo moto ni mkali kuliko yote, mapanga ya nikeli yanawekwa tantali, mengine zaidi ya 6 kwa mia, ili yasipinde polepole. Tantali yenyewe inayeyuka ku digri 3017.

Tusijidanganye lakini. Niobiyumu nyingi ya dunia inatoka Brazili, si kwetu. Kwa tantali ndiyo Kongo inasimama mbele, na sehemu kubwa inaenda ndani ya simu na mashini za elektroniki. Hatusemi kila ndege inaruka juu ya jasho letu. Tunasema: jiwe hili linatafutwa juu ya vile linavyofanya ndani ya moto. Na sisi tunaolitoa hatujawahi kuambiwa.

Hata titani yenyewe hatuko mbali nayo. Ule mchanga mweusi unaobaki ku karai kisha kuosha dhahabu ao koltani, mara nyingi ndani yake iko ilmeniti, na ilmeniti ni jiwe la titani. Tunaimwaga mtoni, ao mnunuzi anaikatia bei akisema ni uchafu.

Nani anashika moto?

Kabla mutu aseme tuuze mchanga mweusi, aangalie Kwale, ku pwani ya Kenya. Pale kampuni Base Titanium ilichimba ilmeniti na rutili kwa zaidi ya miaka kumi, ikasafirisha kwa meli kutoka Likoni, Mombasa, toka mwaka 2014. Mwezi wa 12 mwaka 2024 uchimbaji ulisimama, mchanga wenye faida uliisha. Ulitoka kama mchanga. Hakuna kipande cha metali ya titani kilichotengenezwa pale. Na duniani kote, karibu sehemu 9 juu ya 10 za mawe ya titani zinaishia ndani ya rangi nyeupe. Sehemu ndogo tu inakuwa metali, maana njia ni ndefu na ya gharama: lazima igeuzwe kuwa kloridi, kisha ipokonywe klorini kwa manyeziyumu mahali pasipo na hewa. Njia hiyo aliipata William Kroll, mutu wa Luxembourg, na mpaka leo ndiyo inatumika.

Na sisi? Manono, kule Tanganyika, wakati wa Wabeleji kulikuwa tanuri la kuyeyushia kasiteriti. Bati linayeyuka ku digri 232 tu, na moto wa makala unatosha kulitoa ndani ya jiwe. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kama Mukongo hawezi kushika moto. Aliushika. Tanuri lilizimika, jiwe likabaki linaondoka ndani ya mifuko.

Mwaka 2018 serikali iliandika koltani katika orodha ya madini ya strateji, pamoja na kobalti na jermaniyumu. Karatasi ni nzuri. Lakini bei ya koltani shimoni inafuata asilimia ya tantali, na ile asilimia inapimwa na mashini ambayo mchimbaji haioni, kwa maneno ambayo haelewi. Mutu asiyejua kitu chake kinafanya nini, atakubali bei yoyote. Ndiyo maana sendika inaandika juu ya chembe na digri. Ujuzi huu ni sehemu ya bei.

Tunachoomba, na tunachoweza kufanya leo

Tunaanza na kile kiko mikononi mwetu: burini.

Kwanza, chuma. Kipande cha resori ya kamyo ni kizuri. Chuma cha betoni si cha burini, ncha inakunjika.

Pili, moto. Ncha ipate rangi nyekundu ya nyanya iliyoiva, basi. Ikianza kuwa ya machungwa ao ya manjano na kutoa cheche, umeisha kuiharibu, chembe zimekua. Usiende kuongea na watu wakati burini iko ndani ya makala.

Tatu, kuzima. Chuma cha resori kinapenda mafuta. Ndani ya maji baridi kinaweza kupasuka mpasuko ambao hauuoni. Zamisha ncha peke yake, vidole vitatu.

Nne, hapa ndipo wengi wanaharibu: ncha ikitoka hapo ni ngumu sawa chupa, na inavunjika sawa chupa. Lazima uirudishie joto kidogo. Isugue na jiwe mpaka ingʼae, kisha ngojea joto la mwili wa burini litembee kuelekea ncha. Utaona rangi zinapita: manjano, kahawia, zambarau, buluu. Manjano ni karibu digri 220, buluu ni karibu 300. Zambarau ikifika ku ncha, izime yote. Buluu ikipita, ncha imelainika, anza upya.

Tano, kichwa cha burini, pale masi inapiga, kisizimwe kamwe. Kibaki laini. Na kikianza kufunguka sawa uyoga, kisagwe. Yale majani ya uyoga ndiyo yanaruka ku macho.

Sita, miwani. Bei ya miwani ya kazi haiwezi kulinganishwa na jicho. Mwenye shimo anayelipa makala na chakula anaweza kulipa miwani pia. Tunamuomba kwa heshima, na tutaendelea kumuomba kila wiki.

Kisha tunaomba ya wakubwa. Kila eneo la uchimbaji lenye kutambuliwa liwe na forje moja na fundi anayejulikana, asilipwe kwa wingi wa burini peke yake, maana mutu anayekimbilia hesabu hangojei zambarau. Matokeo ya kupima koltani yaonyeshwe kwa kooperative, yaandikwe ku karatasi, mchimbaji abaki na kopi. Na shule zetu za ufundi za Bukavu zifundishe watoto wa wachimbaji metali yenyewe, si jiolojia peke yake. Tuko na vijana wanaojua jiwe linapatikana wapi. Tunahitaji wanaojua linakuwa nini.

Jumamosi iliyofuata tulirudi na jibu. Tulimueleza mama mambo ya moto, chembe, na bugali. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Basi ile chuma ilifundishwa vizuri mbele ya kuingia kwa mwanangu. Sasa na ninyi mufundishwe mbele ya kuingia ku shimo.»

Hatukuwa na neno la kuongeza. Mwenzetu atatoa mkongojo siku munganga atasema, si mbele ya hapo. Bamba linaweza kungojea, lakini mfupa ndio unaotakiwa kupona. Jumamosi ijayo muzee wa forje atakuwa pamoja na sisi hapa Nyalukemba, saa tisa mchana. Kila mutu alete burini yake. Zile za uyoga tutazisaga, zile za chumvi tutazivunja, na hakuna atakayerudi nazo shimoni.